Sungura wa Mwenye Bucha

Mwenye bucha wetu hapa Kangemi huvunja mfupa wa ng'ombe kwa pigo moja, na kama mimi nimemsifu, jua anastahili, maana sisifu ovyo. Akikata nyama hupiga mluzi. Asubuhi ile mluzi haukusikika. Sungura wake mweupe, anayelala nyuma ya kaunta, alikuwa amejikunyata akisaga meno, majani hajagusa, wala kinyesi hakuna. Yule bwana akamtegea sikio tumboni. "Kimya kabisa," akasema. "Tumbo limesimama. Likikaa hivi, nitampoteza." Akampakata kwenye aproni, akaanza kumkanda tumbo kwa vidole viwili, taratibu, mikono ileile ya mifupa, foleni ikimtazama.

"Si umchinje tu, tununue!" akachokoza jirani yangu Nthenya.

"Mama, wewe subiri ng'ombe."

Tukasubiri, hata mimi nisiyesubiri mtu. Mwishowe punje moja nyeusi ikadondoka, kisha nyingine. Sungura akanyoosha shingo, akatafuna jani kavu. Mwenye bucha akapiga mluzi mrefu, akashika kisu. "Haya, nani wa kwanza?"

"Nawa mikono kwanza!" foleni nzima ikamjibu.