Hayat Anayechora Nyimbo

Mama Cyprian wa chumba cha mbele ndiye aliyeanza kusema kwamba Hayat anachora talasimu. Alipita dirishani kwake akienda kuanika nguo, akaona kwenye kompyuta duara limejaa mistari, na wimbo mmoja unapigwa na kurudiwa kutwa nzima.

"Mie nimeona kwa macho yangu," alituambia bombani. "Binti wa Kiarabu, kwao Buguruni wana duka la maana, anakuja kupanga chumba huku Chamazi peke yake. Nyie jiulizeni."

Mie nilikwenda kumuuliza mwenyewe, mwanangu Noela mgongoni.

Hayat alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Anakunywa kahawa chungu tangu asubuhi, na ukiingia kwake hutoki bila kashata. "Kamwambie ni talasimu ya singeli," alisema, kisha akanieleza vizuri.

Kuna lebo ya muziki wa singeli, bosi wake anaitwa Twaha, inatoa albamu ya nyimbo kumi na mbili. Twaha anataka nembo isiyokaa namna moja: kila wimbo uwe na sura yake, lakini mtu akiiona popote ajue ni lebo ileile. Hayat akaiandikia kompyuta maagizo. Kila mshindo wa ngoma unaweka mstari mmoja. Mshindo mzito mstari mrefu, mwepesi mfupi, mistari inalizunguka duara mpaka wimbo unakwisha.

"Sichori mimi," aliniambia. "Wimbo unajichora."

Mie niliishia darasa la saba, lakini hilo lilinielea.

Hayat amekulia nyuma ya kaunta. Alipokuwa na miaka kumi alichora jua kwenye vipakiti vya pilipili manga vya dukani kwao, na wateja wakawa wanaagiza "ile ya jua". Baba yake, Mzee Sultan, hakumkataza kuondoka. Alimpa mwaka mmoja ajaribu kuishi kwa kuchora. Mwaka wenyewe unakwisha mwezi huu, na kazi ya Twaha ikikataliwa anarudi dukani. Ameahidi, naye si mtu wa kumgeuka baba yake.

Ijumaa alirudi kutoka kwa Twaha. Akatandaza karatasi kumi na mbili mkekani. Zote duara jeusi tii, kama matako ya sufuria ya kuni.

"Bosi anasema nimechora moja nikainakili. Kanipa mpaka Jumatano."

"Na wewe unasemaje?"

"Anasema kweli. Singeli inakimbia mno, mishindo imejaa duara zima."

Hakulia. Alizitazama zile karatasi kama fundi cherehani anavyotazama gauni lililokataa mwili. "Kosa ni langu na nitalipata," alisema, akaanza kuzipiga nyimbo upya, mmoja baada ya mwingine.

Mie nilikuwa nimesimama mlangoni, nikimbembeleza Noela. Uani Mama Cyprian, huyohuyo wa talasimu, alikuwa anafua, na kila mara mkono mmoja unatoka majini kupiga ukingo wa beseni. Wimbo ulipobadilika, mkono nao ukabadilika. Wa tatu na wa nne kwangu ngoma zake ni zilezile, lakini yeye alizipiga mbalimbali kabisa.

"Hayat, kompyuta umeipa ngoma zote?"

"Zote."

"Basi ndo maana. Nani anacheza ngoma zote za singeli? Atavunjika kiuno. Kwenye shughuli sie wanawake tunashika makofi, kama Mama Cyprian na beseni lake. Ngoma inakimbia, makofi yanatembea. Wimbo tunaujua kwa makofi yake."

"Makofi hayamo kwenye rekodi, dada."

"Hayamo. Yamo kwetu."

Akavuta mkeka. "Kaa. Piga."

Nikapiga makofi ya wimbo wa tatu, simu yake mbele yangu inarekodi, pamoja na yale mawili ya haraka ya kumwitikia mwimbaji. Nikapiga na ya wa nne. Huo ilibidi turudie mara mbili, maana Noela alikuwa akishtuka na kulia. Hayat akayaingiza kwenye kompyuta, akaacha makofi yatangulie na ngoma zifuate nyuma kwa mistari myembamba.

Safari hii duara lilipata nafasi za kupumua. Wa tatu ulitoka umesukika kama kawa, kile kifuniko cha chakula, wa nne umechanjika kama jani la mpapai. Ukiziweka pamoja unaona ni ndugu wa tumbo moja, ila sura kila mtu na yake.

Jumamosi alizipeleka hizo mbili. Alirudi anatembea haraka, buibui linapepea, akaja moja kwa moja jikoni kwangu.

"Twaha kauwasha wimbo, akawa anafuata mistari kwa kidole. Akafika kwenye yale mawili yako, akasema, 'Hapa ndipo watu wanaitikia.' Kazi kanipa, dada. Ila anazitaka zote Jumatano, na zimebaki kumi."

"Baba umemwambia?"

"Nitamwambia zikiwa kumi na mbili." Akaipua mwenyewe sufuria yangu, akanyoosha mikono mgongoni kwangu na kuanza kuifungua khanga. "Nipe Noela nimbebe mie. Wewe njoo unipigie zilizobaki."