Salamu Iliyokatikia Kwenye Mbuzi

Immakulata alikuwa amepewa siku moja ya majaribio. Epifania, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya siku za mwisho na kesho angerudi kwao Kibondo kujifungua. Mtoto wake wa kwanza, Niyonsaba, alikuwa anaelekea miaka minne, na anaelekea pia kila mlango ulioachwa wazi. Ama angebaki Kasulu kwa bibi yake, ama angepelekwa Kakonko kwa mama yake mdogo, ambaye nyumba yake, ilisisitizwa, ina ukuta kuzunguka ua.

"Mtembeze tu mjini, mama," Epifania alisema asubuhi, kwa upole wa msimamizi wa mtihani. "Tuone kama mnawezana."

Wakatembea. Waliangalia kuku sokoni, wakala ndizi za kuchoma. Muda wote Immakulata alimshika mjukuu kifundo cha mkono kama aliyekamata mwizi.

"Bibi, unaniumiza."

"Tunastarehe, mume wangu. Tembea."

Karibu na stendi wakakutana na Mzee Nsengimana, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Sasa, salamu ya Kiha kwa shemeji mkubwa hailipwi kwa neno moja. Ni kazi, na inataka mikono miwili. Immakulata akamwachia mtoto, akainama, akaanza kupiga makofi taratibu.

"Mwakeye," alisema mzee, naye akapiga yake. Akauliza wa nyumbani. Akauliza migomba, mvua, mgonjwa aliyelazwa Kabanga.

Pembeni mwa jicho kaptula nyekundu ya Niyonsaba ilipita. Immakulata hakugeuka. Kumpa kisogo mkubwa katikati ya salamu ni kumzika akiwa anakutazama.

"Na mbuzi?"

"Wazima, baba."

Nyuma yake basi likaanza kurudi kinyumenyume, konda akiligonga ubavuni kwa kiganja.

"Hata yule wa pembe moja?"

Immakulata akainuka, akageuka, akakimbia. Tangu aolewe hakuwahi kumfanyia mtu hivyo.

Alipiga magoti akachungulia chini ya basi. Palikuwa na oili tu. Aliuliza wauza maji, hawakumwona. Aliita mpaka sauti ikakauka, na hapo ndipo aliposikia makofi madogo kwenye kibaraza cha Badru, fundi cherehani.

Niyonsaba alikuwa ameinama mbele ya cherehani.

"Na mbuzi?" aliuliza.

"Bi mkubwa, nisaidie," Badru alisema. "Nikijibu, anaanza upya. Suruali ya watu imenidodea."

Walirudi nyumbani. Immakulata alikuwa ameamua kusema kwamba siku ilikuwa shwari. Lakini mlangoni, kwenye kiti kizuri, alikuwa amekaa Mzee Nsengimana, na Epifania alikuwa amesimama karibu naye, begi la mtoto mkononi.

"Mama, baba mkubwa anasema ulimkimbia katikati ya salamu."

"Nilimkimbia."

"Mzee Nsengimana. Yeye mwenyewe."

"Mtoto alikuwa amenipotea, na basi linarudi nyuma."

Epifania alimtazama mtoto, kichwa mpaka miguu. Kisha akamtazama mkwewe, mwanamke ambaye, ukoo mzima unajua, aliwahi kuacha maharage yaungue hadi mzee huyohuyo amalize kuulizia ng'ombe. Akaingia ndani, akalitundika begi kwenye msumari.

"Ukuta wa Kakonko haumkimbilii mtoto," alisema kutoka huko.

Mzee Nsengimana alikohoa. Yeye hakuwa amekuja kwa habari za mtoto.

"Tuliishia kwa wa pembe moja," alisema, akatanguliza viganja.

Immakulata akainama, Niyonsaba akiwa amembana katikati ya magoti.