Ufa Chini ya Dirisha

Mtaani walimwita Fundi Lipu, na si kwa kumdhihaki. Baba yake alikuwa fundi wa lipu kweli, na yeye alikulia kwenye vumbi la saruji, akimpelekea maji na kutazama mwiko unavyopita ukutani. Baba alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu, binti alichukua mwiko mdogo kuliko yote, akausugua, akauchemsha, na kuanzia hapo ukawa wa kupaka keki sukari. Sasa ni miaka ishirini na miwili. "Tofauti ni moja tu," huwaambia wateja. "Lipu ya baba ukiilamba unaumwa."

Sifa yake ilikuwa keki za nyumba. Mikononi mwake sukari iligeuka saruji mbichi, ikageuka kigae, ikageuka ubao wenye vifundo, hadi mtu anasogeza pua anuse kwanza ndipo aamini.

Siku moja alimjia mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye mvi za hapa na pale, mkononi ana picha. Mama yake anatimiza miaka themanini, alisema, na akili imeanza kumtoka. Kila alasiri anafunga nguo zake kifurushi, anakaa mlangoni akingoja kurudishwa nyumbani. Nyumba yenyewe ilishavunjwa zamani.

"Nikaona basi, kama yeye hawezi kwenda, nyumba ije."

"Picha umeitoa wapi?"

"Sandukuni kwa marehemu baba. Ni hii hii moja."

Fundi Lipu akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu, lipu imebanduka kuzunguka mlango. Kisha akaona ufa. Ulianzia pembeni mwa dirisha la kushoto, ukashuka ngazi kwa ngazi kufuata matofali hadi chini. Baba yake alimfundisha nyufa kama watoto wengine wanavyofundishwa herufi. Ule haukuwa ufa wa lipu. Ulikuwa wa msingi, ule unaoangusha kuta.

"Mwalimu, na huu ufa niuweke?"

"Weka kila kitu, dada. Asije akasema si kwake."

Neno lilimfika ulimini, akalimeza. Mtu kaja na furaha yake, umwanzie habari za misingi?

Kazi ilimchukua siku tatu. Matofali aliyachora moja moja kwa ncha ya kisu, akayagonga kwa sifongo kavu yapate vitundu. Kutu aliipata kwa kakao na rangi ya chungwa, akalirushia bati matone kwa mswaki. Kwenye mlango alipaka sukari nyembamba, akaiacha ikauke, halafu akaimenya kwa ukucha. Ufa aliuweka mwisho. Aliukata kwa sindano, akautia kivuli cha kijivu ndani, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Alikuwa hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Alijisifu moyoni, na hilo ndilo lililokuja kumnyima raha baadaye.

Jumapili mchana aliipeleka mwenyewe, maana paa lilitakiwa kupachikwa huko huko. Alilipachika kwa mwiko na bakuli la sukari, katikati ya wajukuu waliojaa sebuleni. Dada mkubwa wa mwalimu, aliyefika asubuhi hiyo kutoka mbali, alitoka jikoni na rundo la sahani, akaiona keki, akasimama.

"Picha ya nyumba hii kakupa nani?" alimuuliza mdogo wake kwa sauti ya chini. "Iondoeni. Iondoeni mama hajatoka."

Lakini bibi alikuwa ameshaingia, kashikwa mkono na mjukuu. Aliiona nyumba, uso ukamfunguka.

"Kwangu," alisema, na watu wakapiga makofi.

Aligusa mlango. Akagusa bati. Kidole kikaenda dirishani, kikaufuata ufa taratibu hadi chini, na makofi yakafa yenyewe.

"Ameshaamka?" aliuliza.

"Nani, mama?" mwalimu akasema.

"Dada yako. Nimemlaza chini ya dirisha, apate upepo. Nilimwambia baba yenu auzibe huu ukuta. Akasema mvua zipite kwanza."

Mwalimu alimgeukia dada yake mkubwa. "Mlisema aliuawa na homa. Maisha yangu yote mmeniambia homa."

"Baba alituapisha," alisema dada mkubwa. Aliziweka sahani mezani. "Ulikuwa unanyonya. Yeye ana miaka mitano. Ukuta uliangukia kitanda alfajiri, hata wiki haijaisha tangu picha hiyo ipigwe."

Bibi hakuwasikia. Alikuwa anautazama mwiko mkononi mwa Fundi Lipu.

"Fundi, umekuja? Haya, ziba."

Fundi Lipu alichota sukari iliyobaki kwenye bakuli, akauziba ufa mbele ya watu wote, machozi yakimdondokea kwenye aproni.

"Shindilia, mwanangu. Pale chini shindilia sana."

Akashindilia, akavuta, akalainisha, hata alama isibaki. Bibi aliukagua ukuta muda mrefu.

"Umechelewa, fundi," alisema kwa upole. Kisha akaanza kulia, na hawakuweza kumnyamazisha mpaka daktari alipoitwa.

Keki haikukatwa. Baada ya wiki mbili mwalimu alimrudishia Fundi Lipu ubao wa keki. Mama hafungi tena kifurushi, alieleza. Kutwa kasimama, viganja viwili ukutani, anausukuma usianguke. Vitanda vyote wamevihamishia katikati ya chumba, la sivyo anapiga kelele.

"Wewe mtoto wa fundi," alisema. "Ulijua?"

"Nilijua ufa ni mbaya. Sikujua ulishaua mtu."

"Ungeniambia."

"Kweli. Ningekwambia."

Mwalimu akaondoka bila kuaga.

Keki za nyumba hakuziacha, ndizo zinazomlisha. Ila siku hizi mteja akileta picha, humkalisha kwanza na kumuuliza ni nyumba ya nani, na kama wote waliokaa humo wapo hai. Wengine huona anawachimba, wakanyanyuka kwenda kwa mwingine. Huwafungulia mlango.