Kaogeshe Mti Kwanza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikisikia chenso, msumeno wa injini, ikilia mahali, hata kama nimekaa zangu na kikombe cha chai. Na leo umenikumbusha mwenyewe. Umeingia hapa na hako kamsumeno kako ka mnyororo, umekabwaga sakafuni kama mzigo wa mtu mwingine, unasema, "Baba mkubwa, haka hakakati. Kadogo mno. Nataka kubwa." Nimecheka, ukanuna. Usinune. Nimecheka kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi, hapa hapa Kariakoo, kabla wewe hujazaliwa, na nusura yamgharimu baba yako mkono wake. Kaa. Chai ipo.

Zilikuwa zile zama za ruksa. Nyinyi mmezaliwa mmekuta maduka yamejaa, hamjui tulikotoka. Sisi tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, halafu milango ikafunguliwa na mitaa ya Kariakoo ikafurika mali ya ng'ambo: redio, feni, viatu vya mtumba, na vitu vingine ambavyo hata muuzaji hakujua vinafanya kazi gani. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi nilikuwa kijana wa Songea, nakata matawi kwa shoka katika nyua za Upanga. Siku hiyo napita zangu, nikaiona chenso ndogo iliyotumika, imelala kati ya pasi mbili. Ubapa wake wa chuma haukuzidi kiwiko changu mpaka ncha za vidole. Nikainunua, nikalala nayo kitanda kimoja, wala sikutanii. Mwenzangu wa chumba alilalamikia harufu ya petroli wiki nzima.

Mwenzangu huyo ndiye Salumu, baba yako. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja, kijana mwembamba, mpole, mikono myepesi. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anakutazama wewe usoni. Mikono ile ndiyo iliyomlisha yeye, mama yake na wadogo zake kule Lindi. Hilo ulishike, maana ndilo lenyewe.

Basi, akaja Bi Tatu wa bondeni Jangwani kunipa kazi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mti mkubwa wa mkungu. Mafuriko ya mwaka uliopita yalikuwa yameulegeza mizizi, ukainama juu ya bati la chumba walicholala wajukuu zake. Masika yalikuwa yanakaribia. "Mwanangu," aliniambia, "mvua ya kwanza tu huo unatulalia." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nina mashine. Loo, nilivyolitamka hilo neno mashine!

Nikaenda, nikaiwasha, nikaitia shinani. Ikapiga kelele mtaa mzima ukatoka kutazama. Ikala gome, ikaingia kidogo, halafu ikagoma. Badala ya kutoa vipande vya mti ikawa inatoa unga, unga laini kama wa muhogo, na moshi juu yake. Nikaiegemea kwa kifua. Nikaisukuma kama naisukuma gari iliyozimika. Wapi! Nilipoacha, shina lilikuwa na jeraha la kina cha kiganja, na mti bado umeinama pale pale juu ya bati, sasa dhaifu kuliko nilivyoukuta. Bi Tatu aliwahamishia wajukuu kwa jirani, akakaa kibarazani na kutazama mawingu.

Nikarudi Kariakoo nimefura. Pembeni mwa soko, barazani, alikuwapo mzee mmoja mnoa misumeno, Mzee Kalinga, Mhehe wa Iringa, mfupi, ndevu za mvi, tupa zake tatu za kunolea zimechomekwa kwenye kopo la maziwa. Mimi Mngoni, yeye Mhehe, na unajua Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Kwa hiyo sikuwahi kumwamkia mzee yule kwa shikamoo hata siku moja. Nikifika namwambia, "Mateka wangu, hujambo?" Naye anajibu, "Sijambo, mkimbia vita." Watu wanacheka, siku inakwenda.

Siku hiyo nikamwambia kamsumeno kangu hakafai, anitafutie kakubwa. Akakashika, akapitisha kidole gumba juu ya meno, akatazama ule ubapa, akanusa. Kisha akapaza sauti baraza zima lisikie: "Mngoni we! Mti uliooga mafuriko gome lake limejaa mchanga. Umemlisha mtoto huyu mchanga, halafu unashangaa meno yameisha? Kaogeshe mti kwanza!"

Watu wakavunjika mbavu. Kuogesha mti! Mmoja akauliza kama niupake na mafuta. Mzee Kalinga akaendelea, "Halafu uniletee huyu nimnoe. Na visikio hivi vifupi vilivyo mbele ya kila jino, usiviguse. Ukivikata, mti utakupiga kofi."

Nikacheka, nikamjibu kuwa kwetu mti haujawahi kumpiga mtu, labda kwa Wahehe. Nikachukua chenso yangu nikaondoka. Mwanangu, hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la watu kama sisi tu. Mzee alikuwa amenipa ukweli mtupu, kauvika utani kwa sababu ndiyo njia tuliyozoea, mimi nikabeba utani nikauacha ukweli pale barazani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikakaa chumbani nikaichunguza chenso kwa akili zangu. Nikaona kila jino lina kile kisikio kifupi mbele yake. Nikasema, kumbe hivi ndivyo vinavyolizuia jino lisiume! Nikachukua tupa bapa, nikavisaga vyote mpaka vikaisha. Nilijiona nimemzidi aliyeiunda. Akili nyingi huondoa maarifa, lakini nani angeniambia?

Jumapili nikamwomba Salumu anisindikize, kwa kuwa siku hiyo hashoni. Nilitaka nianze na tawi lililogusa bati, na nilihitaji mtu wa kulishikilia lisiyumbe. Akalishika kwa mkono wa kushoto, anacheka, ananiambia nifanye haraka ana njaa. Nikaitia chenso.

Haikukata. Iliuma. Meno yasiyo na kizuizi yalidaka mti kwa pupa, ncha ikagonga, na mashine nzima ikaruka juu ikanirudia. Mimi ilinipita sikioni. Kumbe haikuwa imekuja kwangu. Nikamsikia Salumu akisema "Ah!" kidogo tu, kama mtu aliyejichoma sindano. Nilipogeuka, mkono wake wa kushoto ulikuwa mwekundu wote.

Bi Tatu alivua khanga yake ya juu tukaufunga. Nikambeba mgongoni mpaka barabarani, pikapu ya vitunguu ikasimama, ikatufikisha hospitali. Daktari akashona kwa muda mrefu, kisha akatoka akaniambia vidole vipo, lakini kama vitakunjika tena hajui, tusubiri. Salumu alikuwa amelala pale anautazama ule mkono uliofungwa. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: "Gama, nitatunga uzi kweli?" Mama yangu we! Nilitoka nje nikalia kama mtoto, katikati ya watu, wala sikuona haya.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Mzee Kalinga. Nikasimama mbele yake nikashindwa kumwita mateka. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

Aliweka tupa chini. Akanitazama sana. "Marahaba," akaitika. "Umemkata nani?"

Nikamweleza yote. Yeye hakunitania hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua jinsi utani wake ulivyokuwa upendo, maana uliponikosa niliona baridi. Akafunga kopo lake la tupa kwenye kitambaa. "Mti upo bado umeinama juu ya watoto wa watu," akasema. "Twende. Kulia utalia ukirudi."

Tulipofika Jangwani mawingu yalikuwa mazito. Kitu cha kwanza alichoomba kwa Bi Tatu kilikuwa ndoo ya maji na brashi ya kufulia. Akanikabidhi. Mwanangu, nikauogesha mti! Nikasugua gome mpaka maji yakateremka rangi ya chai ya maziwa, na mchanga ukabaki kiganjani mwangu, ule ule uliokuwa unayamaliza meno yangu. Majirani walinicheka. Niliwaacha wacheke.

Kisha akautoa ule mnyororo nilioharibu, akautia mfukoni asije mwingine akautumia, akanipa wa kwake uliotumika, visikio vyake vizima. Akachokoa kitundu cha oili kwa njiti. Kilikuwa kimezibwa na tope, nilikuwa nakata mti huku mnyororo ukiwa mkavu kabisa. Akakwangua mfereji wa ubapa. Akalipuliza chujio la hewa, likatoa vumbi la kujaza kikombe. Akaniambia nivute mnyororo kwa vidole: ukining'inia kama mkufu umelegea, ukigoma kwenda umekazwa mno. Halafu akanipa tupa ya mviringo.

"Noa wewe," akasema.

Akanishika kiwiko, akaniongoza. Sukuma kwenda mbele tu, usikwaruze kwenda na kurudi. Mlalo ule ule, idadi ile ile kwa kila jino, maana jino moja likizidi jenzake msumeno unakata upinde. Nilipoharakisha alinigonga mkono kwa mpini wa tupa, nikaanza tena. Jua lilipanda, mawingu yakashuka, Bi Tatu akatupita mara tatu, na mzee hakukubali tuache jino hata moja.

Akampeleka Bi Tatu mbali, akaufunga mti kamba kuelekea upande wa uwazi, akawapa kamba wanaume wanne, wote mbali na msumeno. "Sasa washa. Mpe mwendo kabla hajagusa mti. Usitie ncha. Na usimsukume, uzito wake unamtosha."

Nikaushusha. Ile chenso ndogo, mwanangu, ile niliyoitukana, ilizama kwenye mkungu kama kisu kwenye papai. Unga haukutoka. Vilitoka vipande, vinene, vikarukia viatu vyangu, na harufu ya mti mbichi ikanijaa puani. Nilikuwa nimeishika tu, sikutumia nguvu. Mti ukalia, wanaume wakavuta, ukaanguka pale tulipotaka uangukie. Bati halikuguswa. Tulikuwa bado tunakunja kamba mvua ya kwanza ilipoanza kupiga. Bi Tatu aliwaita wajukuu zake, wakaingia ndani wakikimbia.

Na Salumu? Mungu ni mwema. Zilipita wiki, vidole vikaanza kuamka kimoja kimoja. Kile kidogo kiligoma mpaka leo, umekiona kilivyopinda, na wewe ukakulia ukidhani baba yako amezaliwa nacho. Alikuficha kwa sababu hakutaka unione vibaya. Suti niliyoolea mimi ndiyo ya kwanza aliyoishona kwa mkono ule. Mshono wa bega la kushoto umekwenda kombo kidogo, na sijawahi kukubali fundi mwingine aurekebishe.

Mzee Kalinga alipofariki nilikwenda msibani nikiwa mtani, na kwa mila zetu kazi ya mtani msibani ni kuvuruga. Nikasimama mbele ya jeneza na ndoo na brashi, nikakataa lisipite. "Kaogesheni mbao hizi kwanza!" nikapiga kelele. "Marehemu ni mkali, atawapiga kofi!" Waombolezaji wakacheka, hata mjane akacheka. Kisha ndoo ikaniponyoka, nikasema, "Ahsante, mzee." Miaka yote ile tulitukanana kila siku, na ahsante ile alikuwa hajawahi kuisikia kutoka kwangu.

Kwa hiyo, mwanangu, mchagua jembe si mkulima. Usiniambie habari ya kubwa mpaka hako kadogo umekanoa, umekapa oili, umekapuliza mapua yake, lile chujio la hewa, na mti wenyewe umeusafisha. Ukiona unga, simama unoe. Ukiona vipande, endelea. Visikio vile usiviguse mwenyewe; meno yakipungua kwa kunolewa, akushushie anayejua, kidogo sana, na mtu yeyote asisimame karibu nawe. Mzee akikutania kazini, cheka, lakini kabla hujalala jiulize amekwambia nini. Na aliyekufundisha mshukuru akiwa anasikia, usimsubirie jeneza.

Hii hapa tupa ya mviringo. Si ile ya Mzee Kalinga, tupa huisha, lakini inanoa. Kabla hujaanza, nenda kwa baba yako akushikie huo ubapa kwa mkono wa kushoto, na wewe unoe mbele yake, jino kwa jino. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma, na ya kuwa sasa unajua.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akuzidishie usikivu kuliko nguvu, na kila unakokwenda kukata mti akurudishe nyumbani na vidole vyako vyote, wewe na utakayekuwa naye.