Swichi ya Vitufe Sita

Kuna watu dunia ikigeuka wao wamesimama palepale, na mmoja wao ni karani wa masijala tunayemzungumzia hapa. Watoto wake wameshakua, wameoa na kuolewa, wamehama na kuacha nyumbani mashine za michezo walizochezea utotoni. Baba mtu mzima, upara unang'aa, akabaki nazo. Si kwa kuzitunza, jamani. Kwa kuzicheza.

Ni mashine tano, zote za zamani, zimepangwa sebuleni chini ya runinga ya kichogo. Ukimshauri anunue runinga bapa anakutazama kama umemtukania mama, kwa sababu, anasema, michezo ya kale kwenye kioo kipya inapauka. Haya, tumekubali. Lakini ile runinga, ambayo mkewe aliinunua kwa jasho lake la ushonaji kabla hata hawajaoana, ina matundu ya kupokea kifaa kimoja tu. Karani akitoka kazini anachomeka mchezo wa magari, akiuchoka anachomeka wa ngumi. Saa ya tamthilia ikifika, mke mtu anainama nyuma ya runinga, anapapasa matundu gizani, achomoe mchezo, achomeke king'amuzi. Na mgongo wenyewe ni wa mshonaji, umeshachoka tangu asubuhi.

Siku moja akasema basi. Tamthilia yake ilikuwa inaisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na yeye hainami tena. Ama mumewe atafute njia, ama runinga ihame.

Hapo ndipo karani alipopandwa na ufundi. "Nipe mwezi huu, mke wangu," akamwambia. "Nitakutengenezea swichi. Wewe kazi yako ni kubonyeza tu."

Tusimnyime haki yake, alifanya kazi. Alichomoa vitufe kwenye redio mbovu, vile ambavyo ukibonyeza kimoja, kilichotangulia kinaruka juu. Akatoboa kopo la biskuti, akapanga matundu safu kwa safu, ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, akalehemu kwa risasi mpaka meza ya kulia ikapata makovu. Jaribio la kwanza, gari la mashindano lilipita barabarani huku kivuli cha mpiganaji kikilirushia mateke. Akafumua zote, akagundua nyaya za picha zimelaliana, akazitenganisha na kuanza upya. Ofisini nako mafaili yalimngoja. Mwananchi akiulizia faili lake anaambiwa arudi kesho, na kesho akija anamkuta karani anachora mchoro wa nyaya nyuma ya bahasha ya serikali.

Mkewe alimpitishia chai asimuulize neno. Moyoni alifurahi, tena alifurahi kweli. Mwanaume aliyemzoea kwa ahadi hewa safari hii alikuwa amekaza buti kwa ajili yake. Akawahadithia hata wateja wake waliokuja kupima nguo.

Ijumaa ikafika. Karani amewaona wakubwa wake wakizindua mabomba yasiyotoa maji, kwa hiyo mambo ya uzinduzi anayajua. Alifunga utepe, aliokata kwenye kitambaa cha mteja bila ruhusa, akamwalika shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa lori, awe mgeni rasmi. Akatoa hotuba. Akaishukuru kamati ya ufundi, yaani yeye, na mfadhili mkuu, yaani yeye tena. Utepe ukakatwa, shemeji akapiga makofi ya adabu, na karani akabonyeza: magari, ngumi, mpira, ndege, joka. Picha safi, sauti safi, hakuna kivuli wala mngurumo. Alivimba kichwa, na kwa kweli alistahili kuvimba kidogo.

Mkewe alikuwa amekaa mbele kabisa, king'amuzi mapajani, waya wake ameuviringisha vizuri. Tamthilia ilikuwa karibu kuanza.

"Baba watoto," akasema, "na mimi nabonyeza kipi?"

Karani akalitazama lile kopo kana kwamba limetengenezwa na mtu mwingine. Mwezi mzima alikuwa akijiambia anamfanyia mke wake, na tundu la mke wake hakuliweka.

Shemeji, akidhani anaokoa jahazi, akauliza kile kitufe cha sita ni cha nini. Ikabidi karani aseme. Cha sita kilikuwa cha mashine ambayo hata hajainunua. Kuna bwana mmoja alikuwa amemwahidi kumuuzia.

Mke hakugomba. Aliona aibu kwanza, akiwakumbuka wale wateja, kisha hasira ikamkaba hadi machozi yakamlenga. Akainuka, akamwambia mdogo wake akamate upande wa pili. Runinga ya kichogo ni nzito, lakini mizigo ndiyo kazi ya shemeji. Wakaibeba hadi chumbani, wakaichomekea king'amuzi moja kwa moja.

Sebuleni karani akabaki na mashine tano zilizounganishwa kwa ustadi mkubwa kwenye kopo, na kopo limeunganishwa na hewa. Akabonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kingine. Mwisho akapiga moyo konde, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba.

"Mke wangu," akasema kwa upole, "ile mashine nimeiacha. Kitufe cha sita nakupa wewe."

Mkewe hakugeuza uso. "Wa sita," akasema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akamwomba mdogo wake aongeze sauti.