Boriti za Futi Kumi na Nane

Siku ya kwanza nilipoingia ofisi ya ujenzi pale Same, enzi za Mwingereza, karani mkuu alinipa futi ya kukunja na onyo moja: "Mbao zikipungua, utatafutwa wewe." Kazi yangu ilikuwa kukadiria, yaani kusoma ramani ya jengo na kuandika idadi, unene na urefu wa kila ubao wa kununuliwa. Nilijifunza miaka miwili ndipo nikapewa jengo langu mwenyewe, zahanati ya Mhezi.

Mbao zilitoka stesheni ya reli ya Same, ingawa msitu wa mikulo, miti mirefu ya mbao nzuri, ulikuwa juu tu ya kijiji. Serikali ilikuwa imeufunga. Wanakijiji wakaamriwa kuzipandisha mbao kwa msaragambo, kazi yetu Wapare ya kusaidiana, bila malipo.

Niliikagua njia kwanza. Kwa kila boriti, ule ubao mnene unaolala kutoka ukuta hadi ukuta, niliandika vipande viwili vya futi kumi, vipandane juu ya ukuta wa kati. Bwana Msimamizi wa Ujenzi akachukua kalamu.

"Nyumba futi kumi na nane. Wewe unaandika ishirini. Futi mbili nani atakula?"

"Bwana, ni za kuungia. Na ubao mrefu haupiti kwenye kona za mlimani."

"Wapare hodari. Watapita."

Hakuwahi kufika Mhezi. Akaagiza boriti nzima za futi kumi na nane.

Kwenye kona ya pili, mwamba huku, bonde huku, msafara ulikwama. "Karani mwanangu," akasema mama mmoja, boriti begani, "hizi ulizipimia reli?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Fundi Elieza, seremala wa jengo lile, alijaribu kila namna, mwisho akazikata katikati. Zilifika zikiwa vipande vya futi tisa, visivyo na cha kupandana. Kijiji kikashuka Same tena kubeba nyingine.

Msimamizi aliandika kwamba fundi ameharibu mali ya Serikali, akaniita nitie sahihi kama shahidi. Nilikataa, nikahamishwa. Elieza alifukuzwa, akarudi kwao Bombo kulima, na hakuna ofisi iliyompa tena kazi ya useremala.

Mimi nimestaafu na vyeti vya utumishi mwema. Vijana mnaniuliza kama hasira haijaisha. Haijaisha. Nilikuwepo konani. Hapakuwa na njia nyingine, na kama msumeno ungekuwa mkononi mwangu, ningezikata mimi.