Skrubu Zilizorudi Kutoka Houston

Ghala letu liko Mesquite, mbali na bahari, na bado kutwa nzima tulishika boti vipande vipande: bawaba, pampu, mipira ya madirisha, na skrubu kwa maelfu. Boti zenyewe ziliundwa Houston. Sikuwahi kuiona hata moja.

Nilikuwa meza moja na mzee kutoka Burundi. Shingoni alivaa rozari na, kwenye kamba ya pili, sumaku. Skrubu ya baharini haishikwi na sumaku. Ile ya bei rahisi hushikwa, na ikionja chumvi huliwa na kutu. Kwa macho ni mapacha. Kwa hiyo kila katoni ilipimwa kwa sumaku kabla ya kupigwa muhuri, na muhuri wa meza yetu ulikuwa na namba ya mzee, si yangu.

"Bwana mwandishi," alinitania kila aliponikuta nikiandika kwenye vifuniko vya maboksi, "skrubu hazijui kusoma. Pima."

Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo. Bima ya kazi ile ndiyo iliyomlipia mashine ya kusafisha damu, sote tulijua. Alasiri moja mzee alipompeleka hospitali, aliniachia sumaku na muhuri. Sentensi ikanijia, nikaogopa itanitoroka. Nikapiga muhuri katoni sita bila kupima.

Wiki kadhaa baadaye katoni moja ilirudi. Msimamizi aliitua mezani, akamwambia mzee amfuate ofisini. Skrubu zilikuwa na madoa ya rangi ya chai.

"Mtoto wangu," mzee aliniuliza taratibu, "hizi uli-check?"

"Nili-check, mzee."

Alivua sumaku, akaizamisha katonini. Ilitoka imevaa skrubu pande zote, kama mfupa ulioingiliwa na siafu. Akazibandua moja moja, bila haraka, kisha akanivisha kamba ile shingoni.

"Kesho u-check tena," akasema.

Kupitia kioo cha ofisi nilimwona akitikisa kichwa kukubali. Toka mezani hadi mlango ule ni hatua ishirini na mbili. Nilizihesabu kwa macho, nikabaki nimesimama.

Hakurudi mezani.

Ile sentensi ninayo bado. Nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi. Si nzuri.